Mkaguzi wa bima anatafuta nini dukani kwako?

Dar es Salaam, neno bima likitajwa watu huwaza gari na trafiki. Bima ya duka au ya nyumba huonekana ni jambo la benki: umekopa, umelazimishwa, umelipa, hati ukaitupia kwenye droo. Ndiyo maana mwenye duka hushangaa akiletewa mgeni mwenye tochi, kamera na futi ya kupimia, anayeomba ngazi achungulie darini kabla hata hajauliza mzigo una thamani gani. Huyo ni mkaguzi wa kampuni ya bima. Amekuja kuhesabu njia ambazo moto au mwizi anaweza kupita, kisha akuambie uzibe zipi.

Kampuni inajisumbua kwa sababu ya hesabu. Tuseme duka la vitambaa lina mzigo wa shilingi milioni 80 na ada ya mwaka ni laki mbili. Likiteketea, kampuni imelipa sawa na ada za duka hilo za miaka 400. Fedha hizo hazitoki kwako, zinatoka kwa mamia ya wengine ambao mwaka ule hawakuungua. Mpango huo unasimama tu kama wanaoungua ni wachache na wametawanyika, na Kariakoo haijatawanyika. Ghorofa moja ina fremu hamsini chini na stoo juu, na kampuni moja inaweza kuwa imezikatia bima ishirini kati ya hizo bila wapangaji wenyewe kujuana. Cheche moja, madai ishirini. Soko kuu la Kariakoo, lile jengo alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Soko la Karume pale Ilala likafuata Januari 2022. Moto wa sokoni haumchagui aliyeuwasha.

Jambo hili ni la zamani. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, Nicholas Barbon alianzisha ofisi ya bima ya moto mwanzoni mwa miaka ya 1680, na kampuni za bima za mji ule zikaunda vikosi vyao vya kuzima moto, maana kila nyumba iliyookolewa ilikuwa fidia isiyolipwa. Vikosi hivyo viliunganishwa mwaka 1833, na serikali ikaja kuichukua kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini baadaye. Marekani, hoja ilitoka upande wa mteja. Zachariah Allen, mwenye kiwanda cha nguo huko Rhode Island, alikiimarisha kiwanda chake dhidi ya moto, akaomba apunguziwe ada, akakataliwa. Mwaka 1835 akaanzisha na wenye viwanda wenzake bima yao ya pamoja, ambayo ilishikilia ukaguzi kama msingi wa biashara.

Hapa kwetu Shirika la Bima la Taifa lilianza mwaka 1963 na, baada ya utaifishaji wa 1967, likabaki peke yake sokoni hadi mageuzi ya miaka ya 1990. Ushindani umeleta bei nafuu. Umeleta pia hati zinazouzwa kwa simu bila mtu yeyote kufika dukani, na wengi huona hiyo ni nafuu: hakuna usumbufu, hakuna maswali. Si nafuu. Masharti ya kuzuia moto na wizi yamo kwenye karatasi zile zile, ila safari hii hakuna aliyekuja kukuonyesha ni lipi hulitimizi. Utaonyeshwa siku ya dai.

Dari moja, maduka kumi

Mkaguzi anaanza juu kwa sababu nzuri. Fremu nyingi za mitaa yetu, kuanzia Manzese hadi Mbagala, zimejengwa kwa safu: ukuta wa kati unapanda mpaka kwenye dari, hapo unaishia. Juu ya dari, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya kumi, kuna uwazi mmoja wenye mbao kavu, nyaya za umeme na vumbi la miaka. Moto uliowaka saluni upande wa kushoto hupita humo na kuangukia duka la simu upande wa kulia, huku mwenye duka la simu akiwa bado anatazama mlangoni. Mwizi naye anaijua barabara hiyo. Anapanga fremu tupu ya jirani kwa mwezi mmoja au anabandua bati moja usiku, anatembea juu ya mbao, anakata dari ya jipsamu kwa kisu, anashuka. Kufuli zako tatu za mlangoni asubuhi zinakutwa salama.

Dawa ni ukuta wa kati kupandishwa kwa tofali hadi kugusa bati, na matundu ya nyaya kuzibwa kwa saruji. Hiyo kwa kawaida ni kazi ya mwenye nyumba, na hapo ndipo barua ya mkaguzi inapokuwa na faida: mpangaji anayelalamika peke yake hasikilizwi, lakini barua inayosema jengo zima litapandishiwa ada husomwa. Isipowezekana, angalau weka wavu mzito wa chuma juu ya dari, umefungwa kwenye kuta na si kwenye mbao za dari.

Akitoka darini, anawaangalia majirani zako. Duka la vitabu lililobanwa kati ya karakana ya kuchomelea na stoo ya magodoro si sawa na duka hilo hilo katikati ya benki mbili. Godoro la sponji huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito mweusi wenye sumu. Rangi na tina hutoa mvuke unaotambaa chini hadi ukutane na cheche. Jirani akibadilika katikati ya mwaka, hati nyingi zinakutaka uiambie kampuni. Wachache hufanya hivyo.

Umeme, na kwa nini sakiti breka hainusi

Hapa ndipo penye mambo mengi, basi tukae kidogo.

Soketi yetu ya pini tatu imeundwa kwa ampia 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,200: tayari umezidi, na bado hujachomeka friji. Ndani ya plagi kuna fyuzi ambayo inapaswa kuungua kwanza. Ikiungua mara mbili, mtu huitengenezea daraja kwa karatasi ya sigara yenye fedha au uzi wa shaba. Kuanzia hapo kitakachoungua ni waya wenyewe. Ekstensheni iliyoachwa imeviringwa ni mbaya zaidi, maana joto la kila mzunguko linapasha mzunguko wa jirani yake na halina pa kutokea.

Hata hivyo, kuzidisha mzigo si ndiko kunakotisha zaidi. Kinachotisha ni kiungo kilicholegea. Skrubu ya soketi haikukazwa, au nyaya mbili zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu, na hapo katikati pana ukinzani wa nusu ohmu tu. Ukipitisha ampia 8, joto linalozaliwa hapo ni 8 mara 8 mara 0.5, yaani wati 32. Hilo ni kama joto la chuma cha risasi anachotumia fundi redio, limewekwa ndani ya ukuta wa mbao au nyuma ya marobota ya nguo, saa kumi kwa siku. Sakiti breka haioni chochote kibaya, kwa sababu ampia 8 ni ampia 8. Haina pua. Ndiyo maana mkaguzi hugusa vifuniko vya soketi kwa kiganja, hutazama plastiki iliyogeuka kahawia, na huuliza kama kuna taa zinazocheza bila sababu. Ukiona dalili hizo, zima swichi kuu kisha umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kaza tu na uendelee si jibu, maana waya ulioshapata joto umekakamaa na insulesheni yake imekwisha.

Kosa la pili la kifundi: breka ya ampia 20 inakatakata, fundi anaibadilisha kwa ya ampia 40, na kila mtu anafurahi. Waya ukutani ni ule ule wa milimita za mraba 2.5. Breka ilikuwa inalinda waya. Sasa waya ndio unailinda breka. Waya wa 1.5 ni wa taa, 2.5 wa soketi, na hita ya maji au jiko la umeme vinahitaji laini yao vyenyewe yenye waya mnene zaidi. Risiti ya waya wenye alama ya TBS itunze, kwa sababu mitaani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu unaouzwa kwa bei ya shaba tupu.

Halafu kuna umeme kukatika. Moto mwingi wa majumbani una hadithi moja: umeme umekatika mtu akipiga pasi, ameiacha pasi kitandani imelala kifudifudi, ametoka, umeme umerudi saa tatu baadaye. Mkaguzi wa nyumba atakuuliza swali linaloonekana la kitoto: umeme ukikatika, nani anazima swichi? Kama jibu ni “hakuna,” andika jina la mtu. Kwa jenereta, anatafuta swichi ya kubadilishia kati ya laini ya TANESCO na jenereta, na anauliza petroli inakaa wapi. Dumu chini ya ngazi ni jibu baya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka na kukaa sakafuni hadi umpate mtu mwenye jiko la mkaa. Na injini ipoe kabla ya kuongeza mafuta, hata kama wateja wanapiga kelele gizani.

Bidhaa zisifike kwenye taa: acha nusu mita kati ya mzigo wa juu kabisa na balbu au dari. Chini nako, weka mzigo juu ya paleti angalau sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Hilo si la moto bali la maji, na hati nyingi zenye kinga ya mafuriko hulitaja kama sharti. Kwa Jangwani na mabonde ya Msimbazi halihitaji maelezo.

Mtungi mwekundu nyuma ya marobota

Karibu kila duka lina mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua. Tatizo ni ulipo. Mahali pake ni karibu na mlango wa kutokea, umetundikwa mkono ufike bila kuchuchumaa, ili anayekwenda kuuchukua awe anaelekea nje na si ndani. Madukani mara nyingi uko nyuma kabisa, kwenye pembe, umekalia marobota au marobota yameukalia.

Mtungi wa unga mkavu wa kilo 6 hutoa unga kwa sekunde kama 15 hadi 20 tu, kwa hiyo hakuna muda wa kusoma maelekezo. Vuta pini, simama mita mbili au tatu kutoka kwenye moto, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, bana mpini, fagia kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, toka na ufunge mlango. Kila mwezi angalia kama mshale uko kwenye kijani, pini ipo na mpira haujapasuka. Mtungi wa kabonidioksaidi, unaofaa zaidi kwenye kompyuta na paneli za umeme, hauna mshale. Hupimwa kwa kilo, na pembe yake hupata baridi kali, usiishike. Kila mwaka mtungi upelekwe kwa anayehudumia kwa kibali na urudi na lebo yenye tarehe. Lebo hiyo ipige picha. Siku ya dai, mkadiria hasara anaiuliza kabla ya kuuliza chanzo cha moto.

Kwa wauza chipsi na wenye migahawa, unga na maji vyote si jibu zuri kwa karai la mafuta yanayowaka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa karibu lita 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yakiwa yanawaka hadi kwenye mabati. Zima gesi, funika karai kwa mfuniko wa chuma au blanketi la moto, usifunue kwa haraka. Mtungi wa gesi ukae wima, nje ya chumba ikiwezekana, mpira wake ujaribiwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliitoi.

Nambari ya zimamoto ni 114. Mkaguzi ataipima barabara yako pia: gari la zimamoto halipiti uchochoro uliojaa meza, na kama hydranti ya karibu, yaani bomba la mtaani la maji ya zimamoto, imefukiwa na kifusi, anaandika. Hilo huwezi kulirekebisha wewe, ila linaeleza kwa nini duka lako la Kariakoo linalipishwa zaidi ya duka kama hilo kwenye barabara pana ya Mikocheni.

Mwizi havunji kufuli

Wenye maduka hutumia pesa nyingi kwenye kufuli, mwizi hatumii hata dakika moja juu yake. Anakata bamba linalolishika. Kama bamba limefungwa kwa skrubu za mbao, bisibisi inatosha; kama limechomelewa nukta mbili tu, mtaimbo unatosha. Bamba lifungwe kwa bolti zinazopita mlango mzima, nati ziwe ndani, vichwa vya bolti viwe vya mviringo visivyoshikika kwa spana. Kufuli iwe na shingo ya milimita 10 au zaidi, na iliyojificha ndani ya mwili wake ni bora kuliko ndefu iliyoachwa wazi. Mlango wa shata ufungwe kushoto na kulia kwenye reli, si katikati peke yake, maana ukifungwa katikati tu unapindika pembeni kwa jeki ya gari.

Kwenye nyumba, angalia fremu ya mlango kabla ya kitasa. Kitasa kizuri kilichokita kwenye mbao laini iliyoshikwa na misumari miwili hufunguka kwa teke. Uingereza kampuni nyingi za bima hutaka kitasa cha levo tano kinachotimiza kiwango cha BS 3621. Hapa madukani cha levo tatu ndicho kimejaa, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko redio moja. Bawaba zikiwa nje, pini zake zichomelewe. Nondo za dirisha ziingie ndani ya ukuta. Zile zilizofungwa kwa skrubu juu ya fremu ya aluminiamu ni mapambo. Wale wanaovua simu na suruali dirishani kwa fimbo yenye ndoano hawahitaji hata kuzikata: nafasi kati ya nondo na umbali wa meza kutoka dirishani ndivyo vinavyowazuia au kuwakaribisha.

King'ora na kamera vina maradhi yake. King'ora kinachotuma ujumbe kwa simu kina laini ya simu ndani, na laini hiyo ina salio. Salio likiisha, king'ora kinalia peke yake kwa majirani waliokwisha kukizoea. Betri yake hufa baada ya miaka michache bila kuaga, na mwizi mzoefu huanza kwa kukata umeme. Mashine ya kurekodi kamera ikiwa juu ya kaunta, mwizi anaondoka nayo, na ushahidi unaondoka na mwizi. Ifungie kwenye kabati la chuma lililobanwa ukutani, saa yake iwe sahihi.

Sharti la king'ora ndilo linalowaangusha wengi. Ukipunguziwa ada kwa sababu una king'ora, hati itasema kiwe kimewashwa kila duka linapofungwa. Kikiharibika Ijumaa na wizi ukatokea Jumapili, hoja ya kampuni ni kwamba kinga iliyokubaliwa haikuwepo. Piga simu Ijumaa ile ile, andika ujumbe, omba jibu la maandishi.

Kuna neno moja kwenye bima ya wizi ambalo watu hulipita: kuvunja. Hati za kawaida zinalipa wizi wa kuingia au kutoka kwa nguvu, wenye alama zinazoonekana. Mzigo ukipungua kidogo kidogo na kufuli zote ni nzima, huo ni upungufu wa stoo. Aliyeiba akiwa mfanyakazi mwenye ufunguo, kinga yake ni bima nyingine, ya uaminifu wa wafanyakazi. Ndiyo sababu mkaguzi huuliza funguo ziko ngapi na nani aliacha kazi mwaka huu bila kitasa kubadilishwa. Kwa mawakala wa pesa kwa simu, pesa taslimu ina ukomo wake, ndani ya sefu na nje ya sefu, na ufunguo wa sefu usilale jengo moja na sefu. Sefu ndogo isiyofungwa kwa bolti kwenye zege ni boksi lenye mpini wa kubebea.

Pale kinga mbili zinapogombana

Kila kinachomzuia mwizi kuingia kinaweza kumzuia mtu kutoka. Nondo kwenye kila dirisha, geti la chuma kwenye korido, kufuli mbili na funguo zimefichwa: nyumba nyingi za Dar zimejengwa hivyo, na usiku wa moto kinachoua mapema ni moshi. Vilevile kuna duka ambalo mlinzi au kijana wa kazi hufungiwa ndani kwa kufuli ya nje “ili awe salama.” Mkaguzi makini hatakubali hilo hata kama linapunguza wizi, na ana haki ya kukataa kukata bima.

Suluhisho lipo na fundi yeyote wa kuchomelea analiweza. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake ni fremu yenye bawaba, inafunguka kwa nje, na ufunguo wake umetundikwa ndani ya chumba pale ambapo mtu wa ndani anafika gizani lakini fimbo ya dirishani haifiki. Ukubwa wa kutokea, kanuni za ujenzi za Uingereza zinasema uwazi usipungue mita za mraba 0.33 na upana wala urefu usiwe chini ya sentimita 45. Ni kipimo kizuri cha kumpa fundi. Mlango mkuu uwe na kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kitambuzi cha moshi kiwekwe koridoni nje ya vyumba vya kulala, si jikoni ambako kitalia kila samaki akikaangwa mpaka mtu akitoe betri.

Kazi hiyo ya kuchomelea nayo ihesabiwe kama hatari. Cheche huruka mbali na hujificha. Ondoa vinavyoungua ndani ya mita 10, weka mtu mwenye mtungi wa kuzimia, na mtu abaki akitazama kwa saa nzima baada ya fundi kukunja vifaa vyake. Moto wa vumbi la mbao hauna haraka.

Karatasi zenyewe

Kampuni haikupi kinga mpaka ada imelipwa, na mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, hukuwezesha kuhakiki kama hati uliyopewa na wakala ipo kweli. Fanya hivyo siku ile ile.

Kisha tazama kiasi ulichokatia bima. Mzigo una thamani ya milioni 100, umekata bima ya milioni 60 kupunguza ada, moto unakula mzigo wa milioni 20. Wengi hutegemea milioni 20, kwa kuwa ni chini ya 60. Kanuni ya wastani inasema ulikuwa umejikatia asilimia 60 tu ya hatari, kwa hiyo unalipwa milioni 12, na kama hati inakutaka ubebe asilimia 10 ya dai mwenyewe, inabaki milioni 10.8. Wanaoumia zaidi ni wanaojaza mzigo kabla ya Idi na Krismasi huku hati ikiwa imeandikwa mwezi wa Machi. Omba kiasi cha bima kiongezwe kwa muda, kwa miezi hiyo tu.

Mpangaji: bima ya mwenye nyumba ni ya jengo. Makochi, televisheni na mzigo wako haimo. Zaidi ya hapo, ikithibitika moto ulianzia kwenye uzembe wako, kampuni iliyomlipa mwenye nyumba inaweza kukugeukia wewe ikidai.

Kuna pia pengo ambalo lipo kwenye hati nyingi na hutokea sokoni kila mara: vitu vinavyoibwa wakati wa moto au mara baada yake. Bima ya moto husema huo ni wizi, bima ya wizi husema huo ni wakati wa moto. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa kama pengo hilo linaweza kuzibwa kwa nyongeza. Wakati mwingine inawezekana.

Baada ya ukaguzi utapokea barua ya mapendekezo, yenye muda wa kutekeleza kila jambo. Usiiache bila jibu. Kilichofanyika, tuma picha na risiti. Kisichowezekana, eleza sababu na upendekeze mbadala. Wakaguzi hukubali mbadala mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na jibu lako lina uzito baadaye. Hapo hapo ndipo pa kuomba punguzo, kwa sababu umewaonyesha hatari imepungua. Halitoki lenyewe.

Yakitokea, ita 114 au polisi kwanza, kisha kampuni siku hiyo hiyo. Kwa wizi chukua RB, yaani namba ya taarifa yako ya polisi, kituoni, kwa moto omba taarifa ya Zimamoto. Usifagie, usirekebishe mlango kabla haujapigwa picha, ila ziba ili hasara isiongezeke na utunze risiti ya mbao. Mkadiria hasara atataka daftari la mauzo, ankara za manunuzi na hesabu ya mwisho ya stoo, na mara nyingi vitu hivyo ndivyo vilivyoungua. Hesabu ya kila mwisho wa mwezi ipige picha, ijitumie kwa barua pepe, na nakala ya hati ya bima ikae kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine.